Jina la Mgeni kwa Penseli

Siku mliyoniaga pale ukumbini, vijana wangu, mlinisomea shairi. Mlisimama wawili, mmoja akisoma na mwingine akiitikia, na mimi nimekalishwa kwenye kiti kilichovishwa kitambaa cheupe, shada la karatasi shingoni. Mkanisifu kwamba mimi ni "Kashindi mwenye huruma". Mkafika kwenye mstari usemao "Uongozi wako mwema, hautakoma daima", watu wakapiga makofi, mke wangu akanitazama kwa jicho la pembeni. Mtu anastaafu, na siku hiyohiyo anaambiwa uongozi wake hautakoma. Nilicheka na wenzangu. Nilipofika nyumbani Rusimbi sikucheka tena, maana ubeti ule naujua. Niliutunga mimi.

Mliukuta kwenye faili, mkatoa jina lililokuwamo, mkatia langu. Siwalaumu, ndivyo nilivyowafundisha. Ila tangu siku hiyo nimekasirika, na kwa kuwa sina tena ofisi ya kwenda kukasirikia, nakaa kibarazani naandika. Habari za vyeo nilivyopanda nitaziruka, hamna mnachokosa. Nitawaeleza kazi yenyewe, na kwa nini ubeti ule msiusome tena mbele ya mtu yeyote.

Niliingia idara ya utamaduni nikiwa kijana wa Ujiji anayejiona anajua mashairi kwa sababu alishinda zawadi ya daftari shuleni. Ofisi ilikuwa chumba cha mwisho kwenye ukumbi mrefu, nusu yake imejaa ngoma na mavazi ya ngoma, na panya walikuwa na haki sawa na sisi. Kwenye mashine ya chapa alikaa Bi Tausi, mama wa makamo, karani kwa cheo na mshairi kwa damu. Hakuniuliza cheti. Alinipa karatasi akasema, "Hesabu mizani." Nikaanza kuhesabu kwa midomo. Akanipiga kikofi cha mkono. "Kwa vidole, mwanangu. Mgeni rasmi akikuona unachezesha midomo atadhani unamsengenya."

Kazi yetu kubwa ilikuwa hii. Kila mkubwa akija wilayani, iwe kufungua kisima au kuangalia tu kama tupo, lazima kuwe na risala, ngoma na shairi. Shairi halipandi jukwaani mpaka limepita mezani kwetu. Tulikuwa na penseli nyekundu ya kukatia, kifutio, na karatasi za kaboni zilizotumika mpaka zikawa nyeupe. Na tulikuwa na ubeti wa mgeni, ambao huwekwa mwishoni mwa shairi lolote, la kilimo au la chanjo, wenye vitone mahali pa jina. Vitone vilikuwa vya silabi tatu. Mkubwa wa silabi tatu alikuwa "mwenye huruma". Wa silabi nne tulimpa "mwenye wema", mizani isizidi. Kwa hiyo sifa ya mtu katika wilaya hii ilitegemea urefu wa jina la baba yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Bi Tausi alinipa kanuni mbili. Ya kwanza, shairi huchapwa kwa mashine, lakini jina la mgeni huandikwa kwa penseli. "Hawa huhamishwa," alisema, "na karatasi ni ghali." Ya pili, shairi likishapitiwa, ile rasimu ya mtunzi huchomwa. Kanuni hiyo ilizaliwa siku mwalimu mmoja alipopanda jukwaani na karatasi ya zamani, akamsifu mkubwa wa mwaka jana mbele ya mkubwa wa mwaka ule. Mwalimu huyo alipelekwa kufundisha mahali ambako barua hufika kwa mtumbwi.

Katika miaka hiyo niligundua jambo ambalo linaniudhi mpaka leo. Wakubwa hupenda sana mashairi yanayosema kwamba ukubwa hupita. Uwaimbie mpanda ngazi hushuka, uwaambie cheo ni dhamana, watatikisa kichwa na kupiga makofi kuliko wote. Nilidhani ni unyenyekevu. Bi Tausi akanizindua. "Kila mmoja anafikiri anayesemwa ni yule aliyemtangulia," alisema. Kwa hiyo mashairi hayo tuliyapitisha bila shida, alimradi yasimnyooshee mtu kidole.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Watu walivuka ziwa, wengine waliingia kwa miguu kupitia Manyovu, na malori yakawa yanapita Kidahwe kutwa kuelekea makambini. Bi Tausi alikuwa amekwisha kustaafu, nami nikawa peke yangu mezani. Siku moja nikaitwa kwenda kambi moja kuandaa sherehe. Mkuu wa kambi ile nitamwita Sembuli. Alikuwa amejengewa ofisi mpya ya matofali ya kuchoma, na maua mbele, na alitaka izinduliwe. Mgeni rasmi alikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa mwenyeji na mgeni kwa wakati mmoja, na aliketi pande zote mbili bila aibu.

Mbele ya maua hayo walisimama watu wa vibali. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila karatasi yenye sahihi ya Sembuli, hata kama anakwenda hospitali ya Kigoma. Matofali yalitosha ofisi, yalitosha na ukuta wa maua, lakini hayakutosha banda la kuwakinga watu wale na jua. Niliyaona hayo asubuhi ya kwanza, na niliandika kwenye daftari langu: "Jukwaa liwe upande wa kivuli."

Mtunzi wa kambi alikuwa Mzee Bigirimana, Mrundi, mtengeneza ngoma. Kiswahili na mashairi alijifunzia ujanani alipokuwa kuli wa bandari ya Kigoma. Nilimkuta nje ya nyumba yake ya udongo akikwangua ngozi ya ng'ombe kwa kisu butu, moto mdogo pembeni wa kukazia ngoma. Mkewe alikaa mlangoni, kitambaa kimefunga macho yote mawili. Nikamwamkia mzee, akanipisha kwenye kigoda chake, yeye akachuchumaa. Akatoa karatasi mfukoni. Hakuisoma, alikuwa ameishika tu, akaanza kughani:

*Alikuwa malishoni, pembe juu asimama,*
*Akipita mlangoni, ng'ombe wote wainama,*
*Kila aliye zizini, kwa hofu akitetema;*
*Fahali aliyevuma, leo ni ngozi ya ngoma.*

Huku akisema mstari wa mwisho, aliipiga ile ngozi kwa kiganja. Nimepitia mashairi mengi kuliko samaki niliokula, na mimi ni mtu wa Ujiji. Lile lilikuwa shairi.

Beti zilikuwa nne. Mbili za katikati zilieleza jinsi fahali anavyochunwa, na jinsi watoto aliokuwa akiwatisha wanavyompiga kwa vijiti wakicheka. Ubeti wa nne ulitoka kwa ng'ombe ukamwendea mtu. Ulimtaja aliye kitini, ukataja muhuri, ukataja watu waliosimama nje. Na mstari wake wa tatu ulinifanya nigeuke kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu.

"Mzee," nikamwambia, "huu wa nne haupiti."

"Mizani haikutimia?"

"Imetimia."

"Sasa?"

"Utasomwa mbele yake."

"Ego, ndiyo, na ndiyo maana nimeutunga. Mwana wanje, mwanangu, hizo tatu ni njia tu. Huko kwa nne ndiko ninakokwenda. Ukinikata hapo, umeniacha njiani na ng'ombe mfu."

Sasa nitawaambia nilichokifanya, na msinitafutie udhuru. Nilikuwa nimepita mezani kwa Sembuli asubuhi ile, na katika lundo la karatasi niliona ombi la kibali la mke wa mzee huyu. Mganga wa zahanati alikuwa ameandika kwamba macho yakicheleweshwa hayatapona. Nikamwinamia mzee nikamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesaidia, "Kibali cha mama kipo mezani kwake. Nimekiona."

Aliacha kukwangua. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa ameinua uso kusikiliza. Mke akasema, "Oya, hapana, Bigirimana. Soma lako." Mzee alinikabidhi karatasi akasema, "Basi andika wewe."

Nikautoa ule wa nne, nikaweka ubeti wa mgeni. Sikuweka ule wa vitone wa siku zote, niliufanyia kazi, nikautafutia vina, maana nilitaka ulingane na zile tatu:

*Twakushukuru mgeni, Sembuli mwenye huruma,*
*Umetutoa gizani, mbele twasonga si nyuma,*
*Ukituacha jangwani, nani atatutazama?*
*Uongozi wako mwema, hautakoma daima.*

Msaidizi wa Sembuli alikuwa ameniambia kwamba bosi anataka nakala ya kutundika ukutani, kwenye fremu ya kioo. Penseli haipendezi kwenye fremu. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nikachapa jina la mgeni kwa mashine, nakala moja yake na ya kaboni yangu. Kisha nikakumbuka kanuni ya pili. Rasimu ya Mzee Bigirimana, kwa mwandiko wake, niliitia kwenye moto wake mwenyewe, naye amekaa palepale. Nilifanya hivyo kwa utaratibu, kama mtu anayefunga dirisha la ofisi jioni.

Siku ya sherehe mzee alisimama wima. Beti tatu za kwanza kambi nzima iliitikia, "leo ni ngozi ya ngoma", mpaka vumbi likatimka. Sembuli alitikisa kichwa kwa furaha. Bila shaka alikuwa anamfikiria mkuu wa kambi aliyemtangulia. Kisha mzee akaanza, "Twakushukuru mgeni," na watu wakanyamaza. Mama mmoja mbele yangu aliinuka, akakung'uta kitenge, akaenda zake. Mzee alimaliza akitazama juu ya vichwa vya watu. Sembuli alisimama akapiga makofi peke yake kwa muda mrefu.

"Shairi zuri," aliniambia baadaye. "Hasa mwisho."

Tangu siku hiyo vijana wa kambi walimwita mzee "Mwenye Huruma". Na uongozi usiokoma ulikoma baada ya wiki tatu. Sembuli akahamishwa. Alibeba fremu yake, akaacha lile lundo la karatasi mezani, halina sahihi. Mkuu mpya hakutaka kugusa maombi ya mwenzake. Akaagiza yote yaanze upya, kuanzia zahanati. Ilipofika zamu ya mama yule kuonwa Kigoma, daktari alimwambia amechelewa.

Nilikwenda kumpa pole. Mzee alikuwa anakaza ngoma, mkewe amekaa palepale mlangoni, safari hii bila kitambaa, maana hapakuwa na cha kukinga. Nilisema maneno mengi ambayo siyakumbuki. Mzee alisubiri nimalize, akaniambia, "Hautakoma daima." Akarudi kwenye ngoma yake. Miaka ilipopita walirudishwa kwao, nami nikaendelea kupitia mashairi, nikitumia ubeti uleule kwa wageni wengine kwa sababu ulikuwa umetokea vizuri. Sasa mnaelewa ulivyofika kwangu.

Nimesikia semina nzima zikielezwa kwamba shairi huishi kuliko kiti, kwamba wafalme hufa na maneno ya mshairi hubaki. Wasemaji hao hawajawahi kufanya kazi ofisini kwetu. Shairi hubaki likiachwa. Sembuli ameishi kwa wino katika shairi la mtu aliyemdharau, na maneno ya mtu huyo yalikwenda kwa moshi. Na hata yangebaki, mama yule angeona? Kusema kwamba ukubwa utapita ni kweli, lakini unapopita hupita juu ya watu.

Wiki moja baada ya sherehe yenu, mlimwelekeza kwangu mama mmoja aliyefika ofisini. Aliniamkia, "Shikamoo baba," nikamkaribisha kibarazani. Akajitambulisha kuwa ni Konsolata, binti wa Mzee Bigirimana. Mzee alifariki mwaka jana huko kwao Rumonge. Jumapili iliyofuata ilikuwa kuganduka, yaani ile siku Warundi wanapomaliza matanga, na ndugu walitaka lisomwe shairi la fahali. Hakuna aliyekuwa nalo lote.

"Mama anajua zile tatu," alisema. "Wa nne anaukumbuka mwanzo tu. Amenituma kwa mtu wa ofisi aliyechukua karatasi."

Nikaingia ndani nikamletea nakala ya kaboni, niliyokuwa nimeondoka nayo. Akaisoma kwa sauti, polepole, kwa lafudhi ya baba yake. Alipofika ubeti wa mwisho akasimama.

"Sembuli ni nani?"

"Alikuwa mkuu wa kambi."

"Yule wa vibali?" Akausoma tena kimoyomoyo. "Kumbe ni kweli. Baba alimsifu."

Ilikuwa zamu yangu kusema. Nikasema, "Yalikuwa mambo ya wakati ule, mwanangu." Nimestaafu, sina bosi, hakuna kibali ninachosubiri, na bado ndicho nilichosema. Tukajaribu kuukumbuka ule wa nne. Nilipata mstari wa kwanza, nikapata wa pili, wa tatu ukanigomea kabisa. Akakunja karatasi. "Basi nitasoma huu ulioandikwa," alisema. Angelala kwa shangazi yake anayekaa Mwanga, na boti ingeondoka Kibirizi kesho yake mchana.

Kesho yake nilikuwa na uhakiki wa wastaafu mjini, ile siku tunayokwenda kuthibitisha kwamba hatujafa. Foleni ilitoka mlangoni ikazunguka ukuta. Ukumbi ulikuwa mpya, una vigae na maua, na nje hapakuwa na banda. Karibu na mlango mzee mmoja mwenye fimbo na suti iliyompwaya alikuwa anagombana na binti wa mezani.

"Binti, unajua unaongea na nani?"

"Hilo ndilo tunalohakiki hapa, baba. Kitambulisho."

"Mimi nimeongoza watu maelfu."

"Sawa, baba. Rudi kwenye mstari, ukileta kitambulisho utahudumiwa."

Aligeuka, nikamwona. Alikuwa Sembuli. Alinipita bila kunijua, akaenda nyuma kabisa, akasimama, akafunika kipara kwa bahasha. Nilingoja nifurahi. Watu wengi wangelipa nauli kuja kuona jambo lile. Sikuona raha hata kidogo, maana mama yake Konsolata hakurudishiwa macho kwa Sembuli kuungua kichwa. Na hata mimi kisogo changu kilikuwa kinawaka. Nikapeleka kiganja shingoni, na mstari wa tatu ukaja, mzima, kwa sauti ya mzee.

Nikatoka kwenye foleni. Binti akaniita, "Baba, ukitoka utaanza upya."

"Nitaanza upya," nikamwambia, nikapanda bodaboda.

Kibirizi boti ilikuwa bado inapakia magunia. Konsolata alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, viatu mkononi. Nilisimama mbele yake nikihema, nikamsomea bila salamu:

*Nawe uliye kitini, usione tumekoma,*
*Muhuri u mkononi, watu nje wasimama,*
*Kesho u nasi foleni, na jua likikuchoma;*
*Fahali aliyevuma, leo ni ngozi ya ngoma.*

Aliniambia nirudie, akaandika nyuma ya karatasi. Nilipomaliza nikasema lililobaki. "Ule wa Sembuli si wa baba yako. Nilimlazimisha. Nilimtajia kibali cha mama yako, kisha nikachoma wake."

Wapagazi walitupita na magunia.

"Walimwita Mwenye Huruma mpaka tunarudi," alisema. "Hata kwenye msiba mtu alilitaja jina hilo. Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakunitukana, na hakuniambia yamepita. Alifungua karatasi upande wa chapa, akaiweka juu ya mfuniko wa ndoo. "Andika hayo hapo pembeni. Mimi nikiwaambia, watasema namtetea baba."

Nikatia mkono mfukoni. Kwa mazoea ya miaka yote ile, nilichotoa kilikuwa penseli. Nilikuwa nimekwisha kuandika, "Ubeti huu niliutunga mimi, Yasini Kashindi, Afisa Utamaduni", alipoiondoa vidoleni mwangu taratibu na kunipa kalamu yake.

"Jina lako andika kwa wino, baba," akasema.